Kutembeza Watoto Mtwara na Lindi kwa Saa ya Bahari

Shule zinapokaribia kufungwa, ndugu zangu walioko Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam huanza kunipigia simu na kuuliza jambo moja: tukiwaleta watoto Mtwara, watacheza wapi? Anayeuliza hivyo huwa anawazia bembea za umeme, bwawa lenye mtelezo wa rangi na duka la aiskrimu pembeni, nami kama mwenyeji hulazimika kumwambia mapema kwamba vitu hivyo huku ni vichache na si vya kumtoa mtu mbali. Isitoshe, mimi ni mjomba, na katika mikoa hii, ambako Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wamezoea kuhesabu ukoo upande wa mama, mjomba si mtu wa kutoa hela ya pipi na kuondoka zake. Wapwa wana haki juu yake, na likizo ikifika huletwa mlangoni wakiwa na mabegi yao bila mtu kuomba ruhusa. Baada ya kuwapokea na kuwatembeza likizo nyingi, nimeridhika kwamba mji huu unawafaa watoto kuliko watu wanavyodhani, ila kwa sharti kwamba mzazi akubali kuiachia bahari kazi ya kupanga ratiba.

Kabla ya bahari, inafaa kuufahamu mji wenyewe, kwa sababu umbo lake humchosha mtoto asiyeandaliwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga kusini mwa Tanganyika, na kwa ajili yake ikajengwa bandari yenye kina kirefu hapa Mtwara pamoja na reli ya kuelekea Nachingwea. Mji ukapimwa kwa matumaini ya wakazi wengi mno. Mpango ule ulifutwa mwaka 1951, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini barabara pana na masafa marefu kati ya mtaa na mtaa vimebaki vilevile. Mgeni anayetazama ramani hudhani kwamba kutoka Shangani hadi sokoni ni hatua chache, na akijaribu kuzipiga hatua hizo saa saba mchana akiwa na mtoto wa miaka mitano, atambeba mgongoni kabla ya nusu ya njia. Sisi hupanda bajaji, tunafanya jambo moja asubuhi na jingine jioni, na mchana wote ni wa kivuli, chakula na usingizi.

Sasa bahari yenyewe. Mgeni wa bara akifika ufukwe wa Shangani na kukuta maji yako mbali, naye alikuwa amewaahidi watoto kuogelea, hudhani siku imeharibika, kumbe ndiyo kwanza imeanza. Maji yakipwa, eneo kubwa la mchanga, majani ya bahari na miamba hubaki wazi, na humo mna viumbe ambavyo hakuna bustani ya wanyama mjini itakayomruhusu mtoto kuvikaribia kiasi hicho. Kinachotakiwa ni kujua saa. Siku za bamvua, yaani zile zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupwa mbali sana kuelekea saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa alasiri, kwenye saa kumi hivi. Mpango mzuri kuliko huo kwa familia sijauona: asubuhi watoto wanatembea juu ya sakafu ya bahari, mchana wanalala, na jioni wanaoga mahali palepale walipokuwa wakitembea. Kila siku majira hayo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, na baada ya juma moja yanafika maji mafu, ambapo bahari haitoki mbali wala haijai sana. Anayekuja na watoto kwa siku chache tu atafute kwanza mwezi uko wapi, halafu ndipo akate tiketi ya basi. Kwa habari za siku ileile, amwulize mvuvi yeyote aliyekaa na nyavu zake, naye atajibiwa bila hata ya mtu kutazama saa.

Viatu ni lazima. Kandambili huteleza na kubaki matopeni, hivyo mimi huwanunulia yeboyebo sokoni, kwa sababu zinashika mguu, zinapitisha maji na hazina thamani ya kumliza mtu zikipotea. Kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi wanaokaa kwenye nyufa za mwamba, na mwiba wao ukimwingia mtoto, matembezi yamekwisha. Kuna taa, samaki bapa anayejifukia mchangani, ambaye humchoma anayemkanyaga lakini hukimbia akisikia mtikisiko, kwa hiyo watoto nawafundisha kuburuta miguu wanapopita kwenye maji ya magotini. Kuna pia konokono wenye gamba zuri lililochongoka kama pia ya kuchezea watoto, ambao baadhi yao wana sumu kali, na kwa ajili yao sheria yetu ni kwamba gamba lenye mwenyewe ndani haliokotwi. Sheria zote ni hizo tatu. Mzazi anayeweka sheria kumi na tano atakuta hakuna hata moja inayofuatwa.

Baada ya hapo kazi ya mtu mzima ni kunyamaza na kutembea polepole. Mpwa wangu wa kike, ambaye nyumbani kwao hawezi kukaa na kitu kimoja kwa muda wa kumaliza chai, alimgeuza kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kwenye kidimbwi na kukuta upande wa chini umejaa vijiguu vidogo visivyohesabika, vyote vikipapasa hewani vikitafuta pa kushika. Alichuchumaa pale hadi mgongo wa gauni ukalowa. Alitaka kujua kinywa kiko wapi, nami nikamwonyesha katikati, palipokutana mikono mitano. Kisha akamrudisha majini kama alivyomkuta, tumbo chini, na akasubiri kuona kama kweli anatembea. Anatembea, lakini inabidi umtazame sana.

Siku ileile tulimkuta mama mmoja wa makamo akitafuta pweza kwa ufito, khanga imefungwa kiunoni na ndoo ndogo mkononi. Watoto walimwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmekuja kunisaidia au kunitishia pweza wangu?"

Aliwaonyesha tundu lililozungukwa na vipande vya maganda ya kaa na kome, akawaambia kwamba takataka zikiwa mpya mlangoni, mwenye nyumba yumo. Pweza hula ndani na kutupa mabaki nje, na huo uchafu wake ndio humponza. Tangu hapo wapwa zangu walikagua kila tundu la Shangani, na waliporudi kwao wakaenda kumfafanulia mwalimu jambo ambalo hakuwauliza.

Ikiwa maji yamejaa asubuhi, tunakwenda kwenye kivuko cha Msangamkuu. Safari ni fupi, nauli ni ndogo, na mtoto anaona bandari kwa upande wa majini: meli, kama ipo, ngalawa zinazopita karibu, na watu wenye baiskeli, kuku na magunia wanaoishi maisha yao ya kila siku bila kujua kwamba wao ndio kivutio. Ng'ambo ya pili kuna ufukwe, minazi na madafu. Sioni haja ya kueleza zaidi. Watoto wengi hufurahia kuvuka kuliko kufika, na wakiomba kuvuka tena, basi wavuke.

Mikindani ni habari nyingine, na nakiri nina upendeleo nayo. Iko kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini, kwenye ghuba tulivu, na ni mji wa kale kwa namna ambayo Mtwara si wa kale: nyumba za mawe, milango ya nakshi, vibaraza vya juu vilivyolegea, na mibuyu. Wazazi wengi hufika hapo, wakamkabidhi mtoto kwa mtembezaji anayetaja miaka kwa kukariri, na baada ya robo saa mtoto anauliza soda iko wapi. Simlaumu. Boma la Wajerumani lilijengwa mwaka 1895, lakini mwaka huo una maana gani kwa mtu aliyezaliwa juzi? Mimi huanza na wanyama. Mwezi Machi 1866 David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alishuka hapa kuanza safari yake ya mwisho ya bara, na alikuja na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala na punda, akitaka kujaribu kama wataweza kuhimili mbung'o huko ndani. Mwambie mtoto asimame kwenye barabara ya Mikindani na awazie ngamia wakishushwa kutoka kwenye jahazi, watoto wa mji wakiwazunguka kwa sababu hawajawahi kuona mnyama wa namna hiyo, na hapo utasikia maswali. Walikula nini? Waliogopa maji? Walifika? Hawakufika, nao watoto husikitika kwa ajili ya ngamia kuliko wanavyosikitika kwa ajili ya mzungu.

Kutoka hapo ni rahisi kuwaingiza Chuma na Susi. Chuma alikuwa Myao, aliyekombolewa utotoni kutoka kwenye msafara wa watumwa, na yeye na Susi walikuwa miongoni mwa wale walioandamana na Livingstone hadi alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wakaubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Kisha tunafika kwenye jengo ambalo wenyeji hulitaja kuwa soko la watumwa. Kuna wazazi wanaopita hapo haraka, na kuna wanaosimulia minyororo na mijeledi hadi mtoto anakosa usingizi, nami sikubaliani na wote wawili. Mtoto wa miaka saba anaelewa vizuri sana maana ya kuchukuliwa kwa mama yake na kupelekwa mahali ambapo hakuna anayeijua lugha yake. Ninamwambia hilo, namwambia kwamba yalifanyika hapa na watu walipata fedha kwa kufanya hivyo, na namwambia kwamba Chuma alikuwa mmoja wa watoto waliochukuliwa. Naacha aulize. Wakubwa huuliza ni nani alikuwa akiwauza, na swali hilo linahitaji jibu la kweli, kwamba walikuwepo wa kutoka mbali na walikuwepo wa hapahapa. Baada ya hapo tunakwenda kukaa ufukweni na kula, kwa sababu mazungumzo ya namna hiyo hayafai kuishia ndani ya gari.

Siku ya Lindi ni siku nzima. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ya lami, na mtu akitoka alfajiri anafika kabla jua halijawa kali. Kinachowapeleka wapwa zangu Lindi ni dinosaria. Katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, mwaka 1906 mhandisi wa madini aliyeitwa Bernhard Wilhelm Sattler alionyeshwa mifupa mikubwa iliyokuwa imejitokeza ardhini, na kati ya 1909 na 1913 wataalamu kutoka Berlin waliendesha pale uchimbaji mkubwa uliotoa zaidi ya tani 200 za mifupa. Waliochimba kwa mikono yao walikuwa mamia ya watu wa huku, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, ambaye mwaka 2007 jina lake liliwekwa katika jina la kisayansi la dinosaria mmoja wa Tendaguru, Australodocus bohetii. Mifupa ilifungwa, ikabebwa kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini.

Sishauri kuwapeleka watoto wadogo Tendaguru kwenyewe. Njia ni ngumu, hasa mvua zikinyesha, na mtoto aliyeahidiwa dinosaria kisha akakuta kilima chenye vichaka atakuwa na haki ya kukasirika. Sisi hufanya kazi yetu ufukweni Lindi, maji yakiwa yamepwa na mchanga uko mgumu. Mnyama mkubwa kuliko wote waliosimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, yule anayeitwa Giraffatitan, ana kimo cha mita 13.27, sawa na jengo la ghorofa nne. Nabeba kamba ya katani niliyoifunga fundo kila baada ya mita moja. Mtoto mmoja anashika mwanzo wa kamba, mwingine anakimbia nayo hadi fundo la 13, na wanachora mstari kwa mguu. Kisha wanalala mchangani mmoja baada ya mwingine, kichwa kwenye nyayo, wakihesabu ni wangapi wao wanatosha kufika kwenye kichwa cha mnyama. Watoto wa mtaa wa jirani hujiunga bila kualikwa, jambo linalorahisisha hesabu. Shingo inachorwa, mkia unachorwa, na daima hutokea ubishi kuhusu upana wa tumbo.

Kwenye mstari ule ndipo ninapowaambia jambo linalonifurahisha mimi mwenyewe kila ninapolisema. Miaka milioni 150 hivi iliyopita, Tendaguru ilikuwa pwani, na tabaka zenye mifupa ya dinosaria zimepishana na tabaka zenye magamba ya viumbe vya baharini. Wanyama wale walizikwa katika matope ya mahali ambapo maji yalikuwa yakipanda na kushuka. Mtoto ambaye jana alizama hadi kwenye kifundo cha mguu katika tope la Shangani, na kuhangaika kuchomoa yeboyebo lake, haelezwi mara mbili jinsi mguu mzito unavyoweza kunasa.

Halafu anauliza, kama ilivyo lazima aulize, kwa nini mnyama yuko Ujerumani. Mpwa wangu mkubwa alipouliza nilimjibu kwamba nchi wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani, kwamba vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 na watu wa kusini walikuwa wamechoka na kuumizwa, kwamba hakuna aliyewaomba ruhusa, na kwamba mjadala kama mifupa irudi au ibaki unaendelea hadi leo hapa nchini. Alitazama mchoro mchangani, akasema wangerudisha walau mguu mmoja. Sijasikia pendekezo lenye busara zaidi ya hilo kutoka kwa mtu mzima.

Chakula hakinipi shida sana, ila nina mambo mawili. Ming'oko, ile mizizi myembamba ya porini inayochemshwa na kuuzwa mitaani, ni kitafunwa kizuri cha njiani kwa sababu mtoto huimenya mwenyewe na anabaki na shughuli mkononi. Korosho zinahitaji uangalifu. Katika msimu, kuanzia Oktoba hadi Desemba hivi, watoto hushangaa kuona korosho imening'inia nje ya tunda lake, liitwalo bibo, upande wa chini, na wa kwanza kuiona hutaka kuing'ata. Asikubaliwe, kwa kuwa ganda bichi lina mafuta yanayounguza midomo na ngozi. Apewe bibo alifyonze, akiwa amevaa nguo ya zamani, maana doa lake halitoki.

Kwa wachonga vinyago wa Kimakonde tunakwenda jioni, na hatuendi kununua. Namwomba fundi kipande kidogo cha mpingo kilichobaki na kijiti cha mti mwingine wowote, na ndoo ya maji. Mpingo unazama. Mtoto aliyefundishwa shuleni kwamba mti huelea anakitoa, anakifuta, anakitumbukiza tena, na fundi huacha tupa yake kumtazama. Nitoe tahadhari tu kwamba vinyago vya mtindo wa mashetani, vyenye jicho moja na mdomo uliopinda, vina ustadi mkubwa lakini vimeshawahi kunirudishia mtoto kitandani kwangu usiku wa manane.

Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ina mchanga mweupe ambao watu wazima huuota. Njia yake ina mchanga mwingi vilevile, kwa hiyo ni ya familia yenye gari la kufaa na watoto wanaovumilia safari. Shimo la Mungu huko Newala, ambako uwanda wa Makonde unakatika ghafla na bonde linafunguka chini, ni la watoto waliokwishafahamu maana ya kusimama mbali na ukingo. Kilwa isilazimishwe ndani ya safari hii. Ipangwe kama kituo cha kulala njiani kwenda au kutoka Dar es Salaam. Magofu ya Kilwa Kisiwani yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na kwa mtoto kilicho bora humo ni bwawa la kuogea la Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani, bwawa lenye pande nane, ambalo atalizunguka akihesabu pembe hadi aridhike.

Imebaki kuchagua majira. Likizo ya Juni ina hewa ya baridi kidogo na ukavu, lakini kusi huvuma na bahari huchafuka, hivyo ni ya kutembea kwenye miamba zaidi kuliko ya vyombo. Desemba ina maembe, mabibo ya mwisho na bahari tulivu zaidi, pamoja na joto kali na mvua zinazoanza. Anayetaka kuwaonyesha watoto nyangumi wenye nundu, ambao hupita pwani hii kati ya Agosti na Oktoba, itambidi awaombee ruhusa shuleni au asubiri likizo fupi iangukie humo. Watoto wawe wamefikia umri wa kutulia kwenye chombo kwa saa nyingi, waondoke asubuhi upepo haujaanza, na kabla ya kulipa mzazi ahesabu mwenyewe maboya ya kuvaa na kuwajaribishia watoto mwilini. Nahodha asiye na maboya ya kimo cha watoto, hata akipunguza nauli kwa nusu, sisi hatupandi chombo chake.